Nyingine, Taja

Mwaka juzi wanafunzi wawili wa chuo walishuka bondeni kwetu, kando ya mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, kati ya Tabata na Vingunguti, wakiwa na karatasi za dodoso. Mmoja alivaa raba nyeupe, nikamhurumia, maana tope la bonde lile asubuhi linameza mguu mpaka kifundo. Walikuwa na adabu. Waliwaamkia wazee, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakaanza kuwauliza vijana mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimefuata mboga yangu tu. Lakini swali la saba lilinifanya nisogee: "Ni nini kilichokuhamasisha kushiriki kilimo cha mjini?" Majibu yalikuwa yameshaandikwa, kazi yako kuweka tiki. (a) Kipato. (b) Lishe ya familia. (c) Kutunza mazingira. (d) Kupenda kilimo. (e) Nyingine, taja.

Mdogo wangu alipokea kalamu, akaisoma orodha taratibu, akaziruka zote nne. Kwenye (e) akaandika: "Pikipiki ilirudi kwa mwenyewe."

Yule msichana wa raba akacheka kidogo. "Kaka, sasa hiyo si ndiyo kipato?"

"Hapana," akamjibu. "Kipato nilikuwa nacho. Pikipiki ndiyo sikuwa nayo tena."

Msichana akaandika, sijui aliandika nini. Ila tangu siku ile, kila nikisikia kongamano la vijana na kilimo, lenye fulana na posho na soda ya baridi, jibu lile linanirudia. Wakubwa wetu huizungumzia hamasa kana kwamba ni chanjo: mkusanye vijana, uwadunge, warudi nyumbani wakiwa wameambukizwa mapenzi ya jembe. Miaka mitano nimeshuka bondeni kununua mchicha, na sijakutana na kijana aliyeingia kwa kudungwa.

Huyu wangu aliingia hivi. Alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu, hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki elfu kumi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Malaria ikamlaza siku tisa. Hesabu haiugui. Siku ya kumi tajiri alimtuma mtu, na pikipiki ikaondoka ikiwa na helmeti yake juu ya kiti. Akabaki kijiweni anabeti, anasuka mikeka ya mpira wa Ulaya, na mikeka inachanika, na mama anaanza kumwita kwa jina lake kamili, ambalo kwetu ni dalili ya hatari. Ndipo jirani mmoja mwenye bustani bondeni akapata msiba Lindi. Akamwambia, "Mdogo wangu, nimwagilie wiki moja tu, nikirudi nitakutoa." Akamwachia keni mbili za kumwagilia. Wiki ikawa tatu, kama misiba ya kwetu ilivyo, na aliporudi hakuwa na hela ya kumlipa. Akampa matuta mawili.

Ndiyo hamasa yenyewe. Msiba wa Lindi na keni mbili. Nimewauliza wenzake kwa muda mrefu, na hadithi zao ni za ukoo mmoja: kiwanda kilipunguza watu, binamu alikuwa na nafasi pembeni ya tuta lake, fundi aliyekuwa anambebesha mtu zege alisafiri. Hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kuwa mkulima wa mjini. Mtu anaingia kama mshikizi, mkono mmoja ndani, mwingine nje, akiamini anapita tu.

Kwa hiyo kwangu swali la kwa nini walianza halina uzito sana. Linalonishughulisha ni kwa nini hawakuondoka.

Tuta la kwanza alilipanda mwenyewe mbele yangu, na alilipanda vibaya. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya chumvi ya mawe, nyeusi, inang'aa kama jicho la mdudu. Ukiimwaga kwa mkono mtupu inaanguka kwa mafungu: hapa msitu, pale kipara. Mzee mmoja aliyekuwa akimtazama hakusema kitu mpaka alipomaliza. Kisha akaja, akachota mchanga mkavu kwenye kopo la maziwa, akatia mbegu kidogo, akatikisa, akaanza kupita kando ya tuta la pili akiwa amefumba ngumi nusu, mchanga ukimtoka kwenye vidole kama anatia chumvi kwenye wali wa shughuli. Akafunika kwa majani makavu, akamwagilia juu ya majani ili maji yasizichimbe mbegu. "Usiyafunue mpaka uone nyuzi nyekundu," akasema, akaenda zake.

Siku ya nne, saa nne usiku, simu ikaita. Nilishtuka, simu za saa nne usiku huwa za hospitali. "Dada," akasema, "umeota."

Baadaye alinieleza hesabu yake, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hesabu hii inasema zaidi ya makongamano yote. Mchicha unang'olewa kati ya siku ya 21 na ya 25, kutegemea jua na mbolea. Ukipanda matuta yote siku moja, utauza siku moja, kisha wiki tatu unalia njaa. Wenyewe bondeni hawafanyi hivyo. Mdogo wangu sasa ana matuta 24, kila moja upana wa kama mita moja na urefu wa kama mita kumi, na hupanda moja kwa siku. Tuta linapong'olewa asubuhi, jioni linageuzwa, linatiwa mbolea ya kuku, linapandwa upya. Kwa hiyo kila siku kuna tuta moja limekomaa, na kila siku kuna mtu wa kulinunua. Kiangazi huuza kwa elfu kumi, siku nyingine elfu kumi na mbili. Ukitoa mbolea, mbegu na dawa, anabaki na saba au nane.

Elfu kumi, rudini mkaitazame. Ndiyo ile hesabu aliyokuwa akimpelekea tajiri.

Kazi yake si ya kitoto. Kila tuta linataka keni sita asubuhi na sita jioni. Piga: keni 288 kwa siku, zinabebwa mbili mbili, yaani safari 144 kutoka kwenye kisima alichochimba kwa mkono mpaka kwenye matuta, peku, karibu mbio, maana keni zimejaa na ukitembea taratibu mikono inakufa. Siku za mawingu anaruka matuta mawili matatu. Mabega yake yamebadilika. Mama anasema amekuwa kama marehemu baba alipokuwa kijana.

Na baba ana hadithi yake humu. Mwaka 1983 serikali ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Uchumi ulikuwa hoi, maduka yamebaki rafu tupu, na ikaonekana mjini kuna vijana wengi wasio na kazi wakati mashamba yanawasubiri. Watu wakawa wanasimamishwa barabarani kuulizwa vitambulisho vya kazi. Baba alikuwa anauza kahawa Kariakoo, na kahawa ya birika haikuwa na kitambulisho. Akapakiwa kwenye lori na wenziwe, wakashushwa kijijini, wakapewa majembe. Alikuwa akisimulia akicheka mpaka anakohoa: alirudi Dar kabla jembe halijapata kutu. Wengi walirudi. Kabla ya hapo kulikuwa na Siasa ni Kilimo ya 1972, halafu kilimo cha kufa na kupona, na sisi wa baadaye tukapata Kilimo Kwanza mwaka 2009. Kila kizazi cha Mtanzania kina kaulimbiu yake ya kumrudisha kijana shambani.

Sasa mtoto wa yule aliyetoroka jembe anashika jembe mwenyewe, bila lori, bila kitambulisho, kilomita chache kutoka pale baba alipokamatwa. Ningempigia baba simu kama huko aliko kungekuwa na mtandao.

Ila mwambie mdogo wangu kwamba yeye ni mkulima, uone atakavyokunja uso. Bondeni hakuna anayesema "nalima". Wanasema "niko bustani", "nakwenda kwenye matuta", "nina mchicha wa siku kumi na nane". Mwanzoni nilidhani ni aibu tu, na aibu ipo: kwenye simu yake picha za matuta hazina hata moja aliyomo yeye mwenyewe. Lakini nilipowasikiliza zaidi niliona kwamba wanatenganisha vitu viwili. Kilimo, kwao, ni kule walikotoka au walikotoka wazazi wao. Singida, Kigoma, Lindi. Unapanda mvua ikianza, unapalilia, unafukuza ndege, unavuna baada ya miezi mingi, halafu unaanza kusubiri bei na kusubiri malipo. Mmoja wao, baba yake ana mikorosho Mtwara, aliniambia, "Dada, mimi jembe silichukii. Nachukia kusubiri." Nilitamani yule wa dodoso angekuwepo.

Ndiyo maana sishangai sana mipango mikubwa ikiwapita kando. Mwaka 2023 serikali ilipoanza ule mpango wa Jenga Kesho iliyo Bora, wenyewe tunauita BBT kwa kifupi cha Kiingereza chake, Building a Better Tomorrow, walioomba walikuwa zaidi ya elfu ishirini, na kundi la kwanza wakachukuliwa 812, wakafunzwa, wakaandaliwa mashamba makubwa Dodoma. Ni jambo zito na siwezi kulibeza. Kwa anayetaka shamba, lile ni shamba. Mdogo wangu nilimsomea tangazo lote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Dodoma nitamjua nani?" Nikadhani ni uvivu. Siku hizi naona alikuwa anataja mtaji wake. Bondeni anajulikana na akina mama wanaonunua. Akiumwa, jirani anamwagilia matuta yake, naye atamwagilia ya jirani. Akipungukiwa mbolea anakopeshwa viroba viwili. Jioni anaoga, anakwenda kijiweni kwake akiwa na hela mfukoni, anakula ugali kwa mama. Tia yote hayo kwenye dodoso, uone kama yana kisanduku.

Wasichana ni wachache kwenye matuta. Wengi wao wako upande wa kununua: saa kumi na moja na nusu alfajiri wanateremka na mabeseni, wanapita katikati ya matuta kama wakaguzi. Mama mmoja nimemtazama mara nyingi. Hasemi bei kwanza. Anang'oa mche mmoja katikati ya tuta, kamwe hachukui wa pembeni, anaugeuza majani chini juu kutafuta viwavi, anakwanyua jani na kulisikiliza likivunjika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu umepiga dawa lini?"

"Wiki iliyopita, mama."

"Wiki iliyopita ya lini?"

"Jumatatu."

"Haya. Elfu nane."

"Mama, nane si unaniua?"

Wanamalizia karibu na elfu kumi, siku zote, na siku zote wanaanza upya kama hawajawahi kuonana. Swali la dawa haliruki. Wateja wake wa mtaani watamrudia yeye tumbo likiuma, hawatamfuata kijana wa bondeni.

Upande mwingine wa kina dada nimeuona kwenye nyumba niliyopanga. Jirani yangu, hajafika miaka 25, ana watoto wawili, amepanga viroba tisa vya udongo kwenye korido ya nyuma: matembele, mnafu, spinachi kidogo. Haviuzi. Baba mwenye nyumba ananung'unika kuhusu bili ya maji, kwa hiyo yeye humwagilia kwa maji aliyooshea mchele na vyombo visivyo na mafuta. Nilimuuliza swali la saba, kwa utani. Akaangalia mlango wake kwanza. "Mume wangu akiacha elfu tatu ya matumizi, mboga ninayo. Asipoacha, mboga ninayo. Siombi." Akarudi kuchuma matembele. Akikata ncha, anachomeka kikonyo palepale kwenye udongo, kinaota tena, kwa hiyo mbegu yake haijawahi kumgharimu kitu tangu alipopewa fungu la kwanza na shangazi yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelizunguka kwa makusudi.

Zamani, mbali na matuta ya bondeni, mdogo wangu alikuwa na mengine tisa kwenye kiwanja kitupu juu kidogo ya barabara. Mwenye kiwanja hakuonekana, alikuwapo mzee wa kukilinda, naye aliwaruhusu vijana kwa sharti moja: "Limeni mboga. Msipande mti." Kila anayelima mjini analijua sharti hili. Mti una mizizi na mizizi ina maneno. Aliyepanda mwembe anaweza kesho kudai fidia. Mchicha haudai. Wakalima mwaka na miezi. Jumamosi moja lori likamwaga matofali juu ya tuta la mchicha wa siku 14. Fundi alikuwa mpole, aliwapa mpaka saa kumi jioni. Waling'oa kila kilichokuwa hai, hata miche isiyofika kiganja, wakaiuza kwa jirani wa sungura. Jumatatu ukuta ulikuwa umefika magotini.

Huko bondeni nako ni vilevile, kwa namna nyingine. Msimbazi unatokea vilima vya Pugu, unapita katikati yetu mpaka baharini pale daraja la Selander, na ukikasirika hauombi ruhusa. Desemba 2011 na Aprili 2018 watu walikufa na nyumba zilikwenda. Matuta nani atayahesabu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za mradi wa Bonde la Msimbazi, kutuliza mafuriko na kulipanga bonde la chini upya. Nimeona michoro yake. Ni mizuri, na mafuriko ni lazima yatulizwe, mimi ni mkazi wa hapa. Humo kwenye michoro kuna bustani kubwa ya jiji, yenye njia za kutembelea na miti ya vivuli. Nilimwonyesha mdogo wangu kwenye simu. "Bustani hiyo," akasema. "Sasa mchicha uko wapi?"

Dar es Salaam kwenye sensa ya 2022 tulihesabiwa watu 5,383,728. Wote hawa wanakaa mahali, na mahali panapobaki kwa mchicha ni pale ambapo nyumba imeshindwa: bondeni kunakofurika, chini ya nyaya za umeme mkubwa, kwenye hifadhi ya barabara, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe bado anatafuta hela ya matofali. Zamani nilikuwa nikiwaambia waongeze thamani, maana na mimi nimehudhuria hizo semina. Kwa nini usipande papai? Bei nzuri, linazaa muda mrefu. Mdogo wangu akanitazama kwa huruma kidogo.

"Dada, papai linataka miezi tisa, kumi. Nani kaniahidi miezi kumi?"

Nikanyamaza. Mimi nilikuwa naona mchicha wanaupendea haraka yake, wepesi wake, hela ya kila siku. Kumbe ndio mmea unaoenea kwenye muda waliopewa. Kijana analima siku 21 kwa sababu hakuna mwenye ardhi aliyewahi kumhakikishia ya 22. Kile kinachomvuta bondeni na kile kinachomzuia kwenda mbele ni kamba moja, imeshikwa ncha mbili, na sisi tunaendelea kumuuliza kuhusu mapenzi.

Mtaniuliza kuhusu maji, najua. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa madini mazito kama risasi na kadimi kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, kwa hiyo si siri ya jana. Mdogo wangu humwagilia maji ya kisima, si ya mtoni, lakini kisima kiko hatua 30 kutoka mtoni na mimi sina maabara. Mchicha wake nakula. Naosha mara tatu, napika, nakula, na kuna siku nakula huku nawaza. Mwenye ardhi safi na bomba hapa mjini halimi mchicha, anajenga fremu za kupangisha.

Mwezi uliopita nilishuka na mama. Hakuwa ameshuka tangu magoti yaanze kumsumbua. Alipita tuta kwa tuta akiwa amemshika mwanawe bega, akiuliza hili la siku ngapi, na hili, na hili, naye akijibu bila kufikiri: kumi na moja, kumi, tisa. Mwisho wa matuta, karibu na kisima, kulikuwa na ndoo kubwa ya rangi iliyotobolewa chini, imejazwa udongo mweusi, na ndani yake mche wa papai unaonifika gotini.

"Si ulisema huna miezi kumi?" nikamuuliza.

"Hilo liko kwenye ndoo," akasema. "Wakija nalibeba."

Mama aliinama kwa shida, akagusa jani. "Dume au jike?"

"Bado, mama. Mpaka litoe maua."